Cheti cha Wiki Kumi na Mbili na Jaketi la Baba Atieno

Jumapili, jioni. Sori. Wingu limezunguka mchana kutwa bila kunyesha, limetuachia joto tu.

Nilipoteza mume Alhamisi moja ya mwezi wa saba, miaka minne iliyopita kasoro mwezi mmoja. Nikapoteza kesi yake miezi kumi na tisa baadaye, saa tano na robo asubuhi. Nikampoteza binti yangu siku hiyohiyo, kabla ya saa saba mchana. Nayaandika kwa mpangilio kwa sababu nimefundishwa kuandika kwa mpangilio, na leo nimepewa cheti cha kuthibitisha hivyo.

Cheti chenyewe kiko hapa mezani. Masomo ya haki ya jinai, kozi fupi, wiki kumi na mbili, vipindi thelathini na sita. Sikukosa hata kimoja. Katika somo la ushahidi nimepata tisini na moja kwa mia. Aliyenifuata ana sabini na nane, na huyo ni naibu wa chifu.

Sina furaha hata ya kujaza kijiko.

Wale mnaokuja hapa kusoma jinsi ya kuanika omena, dagaa wetu wa ziwani, wakati wa mvua, leo hakuna omena. Rudini wiki ijayo. Leo naandika la moyoni, na najua mtu mmoja ambaye atalisoma, kwa sababu husoma kila ninachoandika halafu akanyamaza kama hajaona.

Mume wangu nitamwita Baba Atieno, kama nilivyomwita akiwa hai. Alikuwa karani wa ufuo kule Sindo. Kazi yake ilikuwa kupima samaki na kukagua nyavu. Jioni ile alimkatalia mwenye boti mmoja asipakue, kwa sababu nyavu zake zilikuwa za matundu madogo, zile zinazokokota mpaka watoto wa samaki. Wakazozana mbele ya watu. Watu wakaenda zao. Baba Atieno akachomwa kisu nyuma ya banda la mizani.

Hakwenda hivihivi. Alipigana. Kesho yake mwenye boti alionekana amefunga kitambaa kiganjani, akisema amekatwa na kamba. Maana yake ni kwamba katika jaketi la mume wangu kulikuwa na damu ya watu wawili. Lakini hilo nilikuja kulielewa nikiwa nimeketi korti. Siku ile niliona damu moja tu, ya mume wangu.

Sasa, kwetu mjane huvaa nguo ya mumewe siku ya mazishi. Koti, jaketi, kofia, chochote alichokivaa sana. Unasimama nacho mbele ya watu, unalia nacho. Mimi ni Msabato, na kanisani kwetu mambo hayo hayapendwi, ila boma lilikuwa la wakwe na mimi nilikuwa nimeolewa pale. Nani angenisikiliza?

Jumanne saa nne asubuhi shemeji yangu, kaka mkubwa wa Baba Atieno na ndugu yake wa pekee, aliingia nyumbani kwangu na jaketi ndani ya mfuko wa nailoni. Mkono wa pili ameshika mche wa sabuni.

"Yuora," akasema, maana ndivyo mashemeji tunavyoitana, "fua hii. Watu wataanza kuja kesho. Si huwezi vaa ikiwa namna hii?"

Nikafua.

Nilifua mara mbili. Karai nne za maji. Nilisugua ukosi kwa brashi ya viatu. Pale kifuani palipokuwa pameganda damu nilipaloweka kwa maji ya chumvi kwanza, kama mama yangu alivyonifundisha, kisha nikasugua kwa ngumi. Nilikuwa nikiongea na lile jaketi. Nikilibembeleza. Nikalianika juani upande wa ndani nje ili rangi isififie. Kuna jambo sijawahi kuliandika mahali popote, wacha niliandike: nilipomaliza nilijivunia. Niliona nimemfanyia mume wangu kitu cha mwisho, na nimekifanya vizuri.

Jumamosi nikalivaa, likiwa safi kama la dukani, mbele ya watu mia tatu na kitu.

Korti nilipanda kizimbani kutambua jaketi. Wakili wa mwenye boti alikuwa mtu wa sauti ndogo, hata hakunitisha. Aliniuliza kama ni mimi niliyelifua. Nikasema ndiyo. Mara ngapi? Mara mbili. Kwa maji ya wapi? Ya ziwa. Ulilipiga pasi? Nikasema ndiyo, nililipiga pasi. Watu wa viti vya nyuma wakacheka. Hakuuliza zaidi. Hakuhitaji.

Jaji alisoma uamuzi kwa dakika kumi na moja. Sikuelewa sehemu kubwa. Nilielewa maneno manne ya mwisho: hana kesi ya kujibu. Mwenye boti akafungua vifungo vya koti lake akatoka nje kama mtu aliyetoka kunyoa.

Nje, chini ya mlingoti wa bendera, Atieno alinisubiri. Alikuwa na miaka kumi na saba. Shemeji alikuwa amesimama karibu naye, mkono begani mwake.

"Mama," akasema, "hata mtu mjinga akiona damu anajua ni damu. Wewe uliona nini?"

Shemeji akatikisa kichwa polepole, kama anayenihurumia, akasema, "Wacha mama yako, Atieno. Alifua kesi, basi. Imekwisha."

Alifua kesi. Maneno mawili. Yalifika Sindo kabla yetu. Kufikia wiki iliyofuata wanawake wa sokoni walikuwa wameshanipa jina, Min Sabun, mama wa sabuni. Mama mkwe aliacha kula chakula nilichopika. Halafu ukaja mwezi ambao shemeji aliniita kando kuniambia kwamba mjane anahitaji mwanamume wa kumsimamia boma, na kwamba yeye yuko tayari kunirithi licha ya niliyoyafanya. Licha ya niliyoyafanya! Nikamwambia hapana. Baada ya hapo hata waliokuwa wakinisengenya kwa siri walianza kusema kwa sauti.

Nikaondoka na mabeseni mawili na godoro. Nikarudi kwetu huku Sori. Atieno alikataa kuja. Akabaki kwa bibi yake na kwa baba yake mkubwa. Siku ninapanda boda nilimwambia neno ambalo ningelilipia chochote nilirudishe: "Haya, kaa nao. Na mimi nikifa, usifue nguo zangu."

Nilimwambia mtoto wangu hivyo. Hajanipigia simu tangu siku hiyo. Mimi nampigia kila Jumapili saa kumi, inaita mara nane, inakatika.

Ya kujijenga sitaandika leo, mnayajua. Mabeseni mawili yamekuwa nyavu kumi na nane za kuanikia na wanawake watano wa kunisaidia. Nilirudia mtihani wa sekondari nikiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Watu walipoona najiandikisha kwa kozi Migori wakadhani natafuta kazi ya usimamizi wa walinzi. Wengine waliuliza, na uzee huu? Sikuwaambia ukweli. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua ni wapi hasa nilipoiua ile kesi. Nilitaka kuonyeshwa kwa kidole: hapa.

Darasa letu liko Migori mjini, orofa ya pili, chini kuna duka la magodoro. Tulikuwa ishirini na saba. Walinzi, wazee wa mtaa, wanaboda wawili, naibu wa chifu, na mimi ninayenuka omena hata nioge vipi. Mwalimu wa ushahidi ni mpelelezi mstaafu. Mtu mpole, hupenda hadithi. Kila somo lina kesi yake. Alitufundisha kwamba kielelezo kina safari, na kila anayekigusa lazima aandikwe: nani, lini, wapi, alikipokea kutoka kwa nani. Akikosekana mtu mmoja katika mlolongo, kielelezo kimekufa. Nilipenda somo lile kwa sababu ni hesabu tu.

Wiki ya kumi na moja, Jumatano mchana, akasema leo nitawapa kesi ya Sindo.

Hakutaja majina. Alisema tu palikuwa na karani wa ufuo, palikuwa na jaketi lenye damu ya watu wawili. Kalamu yangu ilisimama. Akasema, "Jaketi hilo likaenda kwa mke wa marehemu. Mnajua yule mama alifanya nini? Aliloweka. Akafua na sabuni. Akaanika. Akapiga pasi! Kisha akalivaa!"

Darasa likaangua kicheko. Mzee Nyamohanga, mlinzi wa lango mwenye mdomo usiofungwa, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, si huyo mama apewe kazi ya dobi pale korti?"

Wakacheka tena, wengine wakipiga meza.

Na mimi nikacheka.

Sitajitetea. Nilicheka kwa sababu watu ishirini na sita walikuwa wakicheka na anayekaa kimya ndiye huangaliwa. Nilicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Nilimcheka mwanamke anayesugua kifua cha jaketi kwa ngumi. Tangu siku ile nimejaribu kukisahau kicheko changu mwenyewe na nimeshindwa, kwa sababu kilikuwa kicheko kizuri, cha kweli kabisa kusikia.

Kisha mwalimu akasema jambo ambalo wenzangu hata hawakuliandika. Mimi nililiandika, liko ukurasa wa arobaini na mbili. Alisema, "Na mimi nilikuwa nimemwagiza ndugu wa marehemu, tukiwa hapo mochari: usifue, funga kwa karatasi ya khaki, weka mahali pakavu, nitakuja kuchukua."

Alisema ndugu wa marehemu.

Niliwasubiri watoke wote. Nikamfuata kwenye ngazi.

"Mwalimu, ile kesi ya Sindo. Ndugu uliyemwagiza, unamkumbuka?"

"Vizuri sana. Mrefu, mweusi, ana pengo hapa." Akagusa meno yake ya mbele, upande wa kushoto.

"Pengine hakuelewa."

"Ataachaje kuelewa? Nilimwambia kwa Kiswahili, nikamrudia kwa Dholuo. *Kik ilwoke.* Usioshe. Akanijibu, sawa afande." Akaniangalia. "Kwa nini unauliza, mama?"

"Aliyefua ni mimi."

Alikaa palepale kwenye ngazi, suruali yake nzuri juu ya vumbi. Akasema, "Woi. Nisamehe, mama. Kile kicheko cha darasani."

Nikamwambia kicheko si shida, hata mimi nilicheka. Nikamuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakulichukua jaketi siku ileile. Akasema alikuja mochari moja kwa moja kutoka eneo lingine, hana mifuko ya vielelezo, hana gari, alipanga kurudi Jumatatu. Jumatatu akapata barua ya uhamisho. Aliyepokea faili hakuambiwa. Hakuitwa kutoa ushahidi. Nikamwambia basi na yeye yumo katika mlolongo, asijitoe. Uso wake ukabadilika, ukawa kama wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Sikumhurumia. Naandika kwa ukweli: nilifurahia.

Usiku wa siku ile nililala. Watu hudhani usingizi hukimbia. Mimi nililala kama mzigo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi arobaini na saba.

Asubuhi nikafanya hesabu. Mochari ilikuwa Ijumaa, saa nne hivi. Jaketi lilinifikia Jumanne, saa nne. Siku nne kamili. Saa tisini na sita jaketi lilikuwa nyumbani kwa shemeji. Kama alisahau maagizo, alisahau kwa saa tisini na sita mfululizo, kisha akakumbuka kubeba sabuni.

Najua kuna njia mbili za kulitazama jambo hili. Ya kwanza, alimsikia yule afisa na akaona mambo ya polisi ni madogo kuliko mazishi ya ndugu yake, kwamba aibu ya mjane kusimama mbele ya watu bila nguo ya mume, au akiwa na nguo chafu, ni kubwa kuliko korti. Naielewa njia hiyo. Nimekulia humo. Wazee wengi wangefanya vivyo hivyo, na mimi ningemsamehe papo hapo kama angefungua mdomo siku ile chini ya mlingoti wa bendera na kusema, wacheni mama wa watu, niliyeambiwa ni mimi.

Ya pili siiandiki. Ila nitasema tu kwamba mwenye boti hakukosa mabaharia baada ya kuachiliwa, na mmoja wao anatoka boma lilelile la wakwe zangu.

Nifanye nini na hayo? Wiki ya kumi na mbili nilimuuliza mwalimu, mbele ya darasa, kama swali la mtihani: mtu akiachiliwa namna hiyo, ushahidi mpya ukatokea, anaweza kurudishwa kizimbani kwa mauaji yaleyale? Akasema kwa mpango wa mambo ulivyo, hapana. Na ushahidi wenyewe, mama, uko wapi? Umeshakwenda na maji.

Kwa hiyo hicho ndicho nilichopewa na cheti. Nilikwenda kutafuta mahali nilipoiua kesi, nikaonyeshwa kwamba kisu kilikuwa mkononi mwa mwingine, na palepale nikaambiwa mlango umefungwa. Tisini na moja kwa mia.

Leo sherehe ilikuwa Homa Bay. Joho la kukodi, fupi, visigino nje. Mgeni wa heshima alichelewa saa mbili na dakika arobaini, akatuambia vijana tuwe na subira. Kila mhitimu aliruhusiwa wageni wawili. Nilimtumia Atieno ujumbe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Viti vyangu viwili vilikaa wazi mpaka mama mmoja mnene akaniuliza kama anaweza kuweka mkoba wake. Nikamwambia aweke.

Nilipoitwa, mwalimu alinishika mkono kwa mikono miwili. Mzee Nyamohanga akapiga mluzi. Hajui mpaka leo. Ni mtu mzuri, aliniletea soda.

Saa tisa, nikiwa bado na joho, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa shemeji. Wa kwanza mwaka huu.

"Hongera yuora. Tumeona picha. Sasa wewe ni afande wetu, hata nguo zetu tutaficha, haha."

Nimeusoma mara sita. Najua mtu anaweza kuandika haha bila kufikiri. Lakini mtu mwenye kitu moyoni hawezi. Au ndiye hasa anayeweza?

Sikumjibu. Saa kumi nikampigia Atieno kama kawaida. Mara hii haikufika mara nane. Ilipokelewa. Nikasikia pumzi, nikasikia kuku, nikasikia sauti ya mama mkwe kwa mbali akiuliza ni nani. Nikasema, "Atieno, polisi walimwambia baba yako mkubwa nguo isifuliwe. Walimwambia siku nne kabla hajaniletea. Muulize."

Akasema, "Mama, unaanza tena?"

Akakata.

Si kitu. Aliongea. Maneno matatu, na la kwanza lilikuwa mama.

Nimekaa hapa tangu nifike, wanawake wangu wanakunja nyavu, nimejaribu kuandika kwa upole nikashindwa, kwa hiyo naandika kama nilivyo. Darasani tulifundishwa kwamba shahidi huulizwa kwanza maswali mapana, umwache aeleze kwa maneno yake. Huyu shemeji yangu amekuwa na miaka minne ya kueleza kwa maneno yake. Ameyatumia maneno mawili. Na katika miaka yote hiyo, polisi, mwendesha mashtaka, jaji, wazee wa boma, mimi mwenyewe, hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Wote tulikuwa tukinitazama mimi.

Sitaki radhi. Sitaki baraza la wazee, sitaki mbuzi, sitaki kurudishwa bomani. Mwenye boti siwezi kumgusa na nimekubali, au nitakubali siku moja. Ninachotaka kinakaa Sindo, kina miaka kumi na tisa, kinanywa uji asubuhi na watu waliomwambia mama yake aliosha damu ya baba yake kwa ujinga.

Nakiri pia hili: naomba jibu la shemeji liwe ndiyo, na naomba limuume. Nimejaribu kuomba vingine kanisani jana, midomo ikakataa.

Yuora, najua umefika mpaka hapa. Kesho utasema hukuona. Basi nimetuma ukurasa huu kwenye simu yako, ya mama yako, na ya Atieno, nimeona alama kwamba umefika kwenye zote tatu. Swali ni moja na halina kona. Pale mochari, siku ile ya Ijumaa, yule afisa alikwambia jaketi lisifuliwe, au hakukwambia? Usinijibu mimi. Mjibu Atieno, mbele ya mama yako, kwa neno moja: ndiyo au hapana. Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa nimesimama mlangoni pa mama yako, na nikifika nataka nikute umeshajibu.